Jinsi ya kusoma unabii wa siku za mwisho kwenye Mathayo 24, Marko 13 na Luka 21: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Vita ikianza Mashariki ya Kati, au tetemeko likipiga mahali, au ukitokea ugonjwa mpya, simu zinajaa klipu. Mathayo 24 imetimia wapendwa, jiandaeni, tuma kwa watu kumi. Na watu wanaogopa kweli jamani, kuna wamama watu wazima kabisa hawalali usiku sababu ya klipu ya dakika tatu, kuna vijana wanauliza kama kuna haja ya kumaliza chuo. Mi hili jambo linanigusa sana mana maneno ya Yesu kwenye sura hizi yalianza na "angalieni, mtu asiwadanganye" na mistari miwili tu mbele akasema "msitishwe". Yani hotuba iliyotolewa ili watu wasidanganywe na wasitishike ndo hiyo hiyo inatumika kuwadanganya na kuwatisha. Kwahiyo hapa nataka nikuonyeshe namna ya kuisoma mwenyewe, taratibu, na Biblia yako mkononi, hadi ufike mahali mtu akikutumia klipu unajua umuulize nini.

Unahitaji Biblia (hii tuliyoizoea ya 1952 inatosha, ila ukiwa na Habari Njema pembeni ni vizuri zaidi kwasababu lugha yake ni nyepesi), daftari, kalamu za rangi mbili tatu, na jioni kadhaa. Usifanye yote siku moja.

HATUA YA 1: Weka injili tatu pamoja

Hotuba hii ipo mara tatu, Mathayo 24 na 25, Marko 13, na Luka 21 kuanzia mstari wa 5. Yohana hana hotuba hii kabisa, yeye habari za ufufuo na siku ya mwisho amezitawanya sehemu nyingine kama sura ya 5 na ya 6. Watu wengi wanaijua Mathayo 24 peke yake na hapo ndo shida inaanza.

Anza na Marko mana ni fupi, mistari 37 tu. Isome yote kwa sauti bila kusimama. Halafu Luka. Mathayo iwe ya mwisho. Ukimaliza chukua daftari ugawe ukurasa mara tatu, andika mistari inayofanana kwenye mstari mmoja. Ni kazi lakini usiiruke, kwasababu kuna mambo hutayaona hadi uyaweke pembeni kwa pembeni.

Mfano mmoja. Mathayo 24:15 na Marko 13:14 wanaongelea "chukizo la uharibifu", na hapo ndo utasikia nadharia zote za dunia hii, mara chip, mara barkodi, mara chanjo. Sasa angalia Luka mahali pale pale, 21:20, anasema mtakapoona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi, ndipo jueni ya kwamba uharibifu wake umekaribia. Na amri inayofuata kwa wote watatu ni ile ile, walio Uyahudi wakimbilie milimani. Luka amekufungulia fumbo kwa maneno ya kawaida kabisa: majeshi, kuzingirwa, mji wenye jina. Mtu aliyesoma Luka hawezi kubebwa kirahisi na habari za barkodi.

HATUA YA 2: Usianzie sura ya 24

Namba za sura hazikuandikwa na Mathayo, ziliwekwa karne ya 13, zaidi ya miaka elfu moja baadae. Kwahiyo rudi nyuma hadi sura ya 21, Yesu anaingia Yerusalemu, anafukuza wafanyabiashara hekaluni, analaani mtini usiozaa, anatoa mfano wa wakulima waliomuua mwana wa mwenye shamba. Halafu sura ya 23 yote ni ole kwa waandishi na Mafarisayo, na inaishia na kilio juu ya mji: "nyumba yenu mmeachiwa hali ya ukiwa". Nyumba ipi? Hekalu. Mara tu baada ya hapo, sura ya 24 inapoanza, anatoka hekaluni.

Na kabla hujaondoka sura ya 23 pigia mstari 36, "mambo hayo yote yatakuja juu ya kizazi hiki". Utaihitaji baadae.

Luka ana kipande kingine watu hawakisomi, 19:41-44, Yesu anauona mji anaulilia. Anasema adui zako watakujengea boma, watakuzunguka, hawatakuachia jiwe juu ya jiwe. Analia. Hiki kilio kiweke moyoni kabla ya kuendelea, kwasababu wahubiri wengi wa siku za mwisho wanaongea habari za maangamizi kwa msisimko kama wanatangaza mechi, na yule aliyetoa unabii wenyewe aliutoa akilia.

HATUA YA 3: Tafuta swali lililoulizwa

Hotuba hii ni jibu. Usipojua swali huwezi kuelewa jibu, hiyo hata kwenye mazungumzo ya kawaida iko hivo.

Wanafunzi walikua wanamwonyesha majengo. Na yalikua majengo kweli, Herode alianza kulijenga upya hekalu kama miaka ishirini kabla ya Kristo na kazi ilikua bado inaendelea, Yohana 2:20 Wayahudi wanataja miaka 46. Mawe mengine ya ukuta wa kuzunguka uwanja wake bado yapo Yerusalemu hadi leo na ni makubwa kuliko basi. Yesu akawajibu halitasalia hapa jiwe juu ya jiwe. Wakapanda mlima wa Mizeituni, ambao ukikaa pale unaliona eneo la hekalu ng'ambo ya bonde la Kidroni, na Petro, Yakobo, Yohana na Andrea wakamuuliza faraghani. Kwa Marko swali ni moja lenye pande mbili: mambo hayo yatakuwa lini, na dalili yake ni nini. "Mambo hayo" ni hekalu kubomolewa, hamna kingine kilichotajwa. Kwa Mathayo wameongeza "dalili ya kuja kwako, na ya mwisho wa dunia".

Inawezekana kabisa kwamba vichwani mwao hayo yote yalikua tukio moja, mana Myahudi wa wakati ule angewezaje kuwaza hekalu limeondoka na dunia bado ipo? Lakini wewe msomaji andika kwenye daftari maswali mawili: (a) hekalu litabomolewa lini, (b) Bwana atakuja lini. Kila mstari utakaosoma jiulize, huu unajibu a au b? Mingine itakushinda, weka alama ya kuuliza uendelee.

HATUA YA 4: Rangi mbili, amri na dalili

Chukua kalamu nyekundu upigie mstari kila mahali Yesu anawaambia wafanye kitu au wasifanye kitu. Kalamu ya bluu kila mahali anataja tukio. Fanya kwenye Marko 13 kwanza.

Utashangaa nyekundu ilivyo nyingi. Jihadharini, msitishwe, msitafakari kwanza mtakayosema, kimbieni, msisadiki, kesheni. Onyo la kuwa macho Marko analirudia mara nne, mistari ya 5, 9, 23 na 33, halafu anafunga na "hilo niwaambialo ninyi, nawaambia wote, Kesheni". Sisi tumeigeuza hotuba ya maagizo kuwa ratiba ya matukio.

Sasa angalia bluu: vita, matetesi ya vita, matetemeko, njaa. Hivi ndo vinavyotajwa kila siku kama dalili za mwisho. Soma Yesu anavyomalizia kila kimoja, "lakini ule mwisho bado", "hayo yote ndiyo mwanzo wa utungu". Ndugu yangu ni maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, amesema ukisikia vita usitishike mwisho bado, na mtu anasimama madhabahuni anasema nimesikia vita kwahiyo mwisho umefika. Amechukua mstari uleule akaugeuza kinyume.

Na Luka 21:8 ina kitu ambacho kila Mkristo angekikariri. Anasema wengi watakuja kwa jina langu wakisema "Mimi ndiye", tena, "Majira yamekaribia", basi msiwafuate hao. Yani anayetangaza kwamba majira yamekaribia amewekwa kundi moja na makristo wa uongo. Soma tena mara mbili.

HATUA YA 5: Simama pale walipokua wamesimama wale wanne

Hapa unauliza, Petro alielewa nini aliposikia haya? Mana aliambiwa yeye, "ninyi" ya kwanza ni yeye na wenzake.

Tazama maelezo madogo madogo. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu, nyumba zao zilikua na paa tambarare watu walikaa juu. Walio Uyahudi wakimbilie milimani, sio walio Mbeya wala Nakuru. Ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi, mana baridi kule ndo msimu wa mvua, mabonde yanajaa maji. Wala siku ya sabato, na Nehemia 13:19 inakuonyesha malango ya Yerusalemu yalivyokua yakifungwa sabato. Ole wao wenye mimba na wanyonyeshao. Haya ni maelekezo ya watu wanaoweza kutoroka kwa miguu. Kama huu ndo mwisho wa ulimwengu wote ukikimbilia milimani inakusaidia nini? Ni mji unaozingirwa.

Sio kwamba sisi haituhusu. Inatuhusu, ila inatufikia kupitia kwao kwanza.

HATUA YA 6: Jua kilichotokea hadi mwaka 70

Hapa nitakaa kidogo kwasababu makanisani kwetu hatufundishwi kabisa, na ukishajua hii sura inabadilika.

Mwaka 66 baada ya Kristo Wayahudi waliasi utawala wa Roma. Gavana wa Shamu (Siria), Cestius Gallus, akaja na jeshi hadi Yerusalemu, halafu ghafla akarudi nyuma na akapigwa vibaya njiani. Watu wakashangilia. Roma ikamtuma jenerali Vespasian, akateka Galilaya, na baadae alipokua Kaisari akamwachia mwanae Titus kazi ya kumaliza. Mwaka 70 wakati wa Pasaka mji umejaa Titus akauzingira. Ndani makundi ya Wayahudi wenyewe kwa wenyewe yalikua yanauana na yalishachoma maghala ya nafaka. Njaa ikawa mbaya isiyosemeka. Warumi wakajenga boma kuzunguka mji wote, kama Luka 19 ilivyosema. Agosti hekalu likaungua, Septemba mji wote umeanguka. Ukienda Roma leo kuna tao la Titus, wamechonga askari wamebeba kile kinara cha taa cha hekaluni. Na chini ya kona ya kusini magharibi ya uwanja wa hekalu kuna lundo la mawe yaliyoangushwa, wachimbaji wameyaacha pale pale watu wayaone.

Haya tunayajua sana kupitia Yosefo, Myahudi wa ukoo wa makuhani aliyekua kamanda Galilaya, akakamatwa na Warumi mwaka 67, akaushuhudia uzingiraji akiwa upande wa Titus. Hakua Mkristo kwahiyo hakua anajaribu kuthibitisha maneno ya Yesu, ingawa nae alikua na sababu zake za kuwapendezesha Warumi, msome ukikumbuka hilo.

Angalia na kati ya miaka ile. Njaa kubwa wakati wa Klaudio, ipo Matendo 11:28. Matetemeko, Laodikia iliharibiwa karibu mwaka 60, Pompeii ikatikiswa 62. Manabii wa uongo, Matendo 21:38 inamtaja Mmisri aliyewapeleka watu jangwani, na Yosefo anasema aliwaleta hadi mlima wa Mizeituni akiwaahidi kuta za mji zitaanguka. Mlima ule ule Yesu aliokaa! Na siku hekalu linaungua, Yosefo anasimulia, nabii mmoja aliwaambia watu wapande hekaluni wakapokee ishara za wokovu wao, wakapanda, wanawake na watoto humo, wakafia kwenye baraza iliyochomwa moto, anataja watu kama 6,000. Walikua na Mungu midomoni na walikua wanangoja wokovu. Wakati huohuo Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anasema waumini wa Yerusalemu walishaondoka kwenda Pella ng'ambo ya Yordani. Wale waliotii "kimbieni" na wale waliotii nabii wa "njooni", ona tofauti.

HATUA YA 7: Agano la Kale kabla ya habari za leo

Kanuni ni fupi: ukikuta picha ya kutisha, kabla hujafungua YouTube fungua Isaya, Danieli, Ezekieli na Yoeli. Yesu alikua anaongea na watu waliokulia kwenye maandiko hayo.

Jua kutiwa giza, mwezi kutotoa mwanga, nyota kuanguka (Mathayo 24:29). Nenda Isaya 13:10, maneno karibu hayohayo, na kichwa cha sura ile ni ufunuo juu ya Babeli. Nenda Ezekieli 32:7, ni Farao wa Misri. Isaya 34:4 ni mataifa, na Edomu anatajwa kwa jina mstari unaofuata. Babeli ilianguka na jua halikuzimika, manabii walitumia lugha hii kusema dola imeanguka, Mungu amehukumu. Je, hiyo inamaanisha Mathayo 24:29 haiwezi kuwa na siku ya kweli ya mbinguni kutikisika? Hapana, 2 Petro 3 inaongea wazi wazi. Inamaanisha tu huwezi kuona kupatwa kwa mwezi ukakimbilia kupiga kengele.

Chukizo la uharibifu liko Danieli 9:27, 11:31 na 12:11. Wayahudi walishaliona mara moja mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane alipoinajisi madhabahu ya hekalu, ndo mana 1 Makabayo 1 (wenzetu Wakatoliki wanayo kwenye Biblia yao) inatumia jina hilo hilo. Na mwaka 40 Kaisari Kaligula aliagiza sanamu yake isimamishwe hekaluni, ikashindikana, akauawa mwanzoni mwa 41. Kwahiyo wasikilizaji wa kwanza hili neno halikua kitendawili, walijua harufu yake.

Mwana wa Adamu akija na mawingu ni Danieli 7:13. Isome. Pale anakuja kwa Mzee wa Siku, yani Mungu, kupewa ufalme. Na Yesu alimwambia kuhani mkuu, Mathayo 26:64, kwamba tangu sasa mtamwona. Hii inawagawa wasomaji, twende hatua inayofuata.

HATUA YA 8: Mistari mizito, na usikimbie

Mzito kuliko yote ni Mathayo 24:34, "kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie".

Kuna wanaosema kizazi hiki ni watu wa wakati wa Yesu, na yote hadi mstari wa 34 yalitimia mwaka 70, hata yale mawingu ni Yesu kutawazwa na kuhukumu mji. Kuna wanaosema kizazi ni taifa la Kiyahudi halitaisha. Wengine, kizazi kitakachoona dalili hizo siku za mwisho. Wengine wanasema unabii una utimilifu wa kwanza mwaka 70 na utimilifu mkubwa mbele.

Cha kufanya, tafuta Mathayo anavyotumia "kizazi hiki" kwingine. 11:16, 12:41, 12:42, na ile 23:36 uliyopigia mstari. Kote ni watu waliokua hai mbele yake. Kwahiyo mi nasimama hapo, ni watu wale, na miaka 40 baadae ikawa. Ambaye haoni hivyo ni ndugu yangu ila aniletee mstari kwenye Mathayo, asiniletee ramani.

Sasa linganisha mstari wa 34 na wa 36. 34 ni "hayo yote" na ina muda, kizazi hiki. 36 ni "siku ile na saa ile" na haina muda, hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Rudi kwenye yale maswali yako a na b. Kuanzia 36 kuendelea dalili zimekwisha kabisa! Kabla ya hapo una majeshi ya kuona, una muda wa kukimbia. Baada ya hapo watu wanakula, wanakunywa, wanaoa, kama siku za Nuhu, wawili wako shambani, wanawake wawili wanasaga. Siku ya kawaida kama Jumanne yoyote. Mwizi hatumi taarifa. Hii ndo imenifanya niamini kwamba kubomoka kwa mji kulikua na dalili, na kurudi kwa Bwana hakuna dalili ya kuhesabia tarehe, na ndo sababu amri yake ni kesheni na sio hesabuni.

Vipi mistari ya 29 hadi 31? Hapo ni pagumu, nakubali wasomaji wazuri wanatofautiana. Mathayo anasema "mara baada ya dhiki ya siku zile", inabana. Luka anaweka nafasi, 21:24, Yerusalemu utakanyagwa na Mataifa hata majira ya Mataifa yatimie, ndipo anaongelea mawingu. Mimi nawafuata wanaosoma Luka kama mwanga wa Mathayo, kwamba Bwana kuonekana wazi bado kuko mbele, na imani ya kanisa tangu mwanzo ni kwamba atakuja tena. Ila sitamfukuza mtu kwenye kikundi kwa sababu ya mistari mitatu.

Mtini nao. Kuna mafundisho maarufu kwamba mtini ni Israeli, ilichipuka 1948, ongeza kizazi miaka 40, unapata 1988. Mmarekani Edgar Whisenant alitangaza unyakuo (waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana) Septemba 1988 na watu wengi wakamwamini. Fungua Luka 21:29: "utazameni mtini na miti mingine yote". Miti mingine yote. Ni mfano wa majani yakichipuka unajua kiangazi kipo karibu, basi.

Mathayo 24:14, injili kwa mataifa yote ndipo mwisho. Paulo kwenye Wakolosai 1:23 anaongea kama tayari injili imefika kote chini ya mbingu, kwa maana ya ulimwengu wao. Usitumie mstari huu kupiga hesabu ya makabila yaliyobaki ili ujue mwaka, tumia kwenda kuhubiri.

Na ile "mmoja atwaliwa mmoja aachwa": kwenye mfano wa Nuhu unaoitangulia waliochukuliwa ni wale waliochukuliwa na gharika. Kwahiyo kuwa makini kuijengea unyakuo hapa, andiko la unyakuo ni 1 Wathesalonike 4.

HATUA YA 9: Endelea hadi mwisho wa sura ya 25

Wengi wanaishia 24. Yesu hakuishia hapo. Mtumwa mwaminifu anayegawa chakula kwa wakati (huyu yuko mwishoni mwa 24), wanawali kumi, talanta, kondoo na mbuzi. Zisome zote nne kama jibu la "kukesha ni nini". Kukesha kumbe ni kulisha watumwa wenzako, kuwa na mafuta ya kutosha endapo bwana arusi akichelewa (na anachelewa, wote kumi walisinzia!), kufanyia kazi ulichopewa, kumtembelea mgonjwa na mfungwa. Hamna hata mfano mmoja ambapo mwenye kusifiwa ni aliyejua tarehe. Na aliyefukia talanta yake alifanya hivyo kwa sababu aliogopa.

HATUA YA 10: Pima mahubiri na klipu

Sasa una silaha. Mtu akileta fundisho muulize haya, kwa upole, hata kama ni mchungaji wako, mwambie baba naomba nielewe.

Je, ametaja tarehe au mwaka? Kama ndio, 24:36 imemaliza. Wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Miller walitaja 22 Oktoba 1844, watu wakaacha mazao shambani. Harold Camping 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza Oktoba, ikapita. Septemba 2025 mhubiri wa Afrika Kusini akasema tarehe 23 na 24, TikTok yote ikachemka, na tarehe 25 ikafika.

Je, amesoma Marko na Luka au mstari mmoja wa Mathayo? Je, amesema vita ni mwisho wakati Yesu kasema bado? Je, anakwambia uuze vitu, uache dawa, utoe mtoto shule?

Na hili la mwisho ni la uhai na kifo: je, anakuita mahali pa siri? Mathayo 24:26, "wakiwaambia, Yuko jangwani, msitoke, yumo nyumbani, msisadiki", kwasababu atakavyokuja ni kama umeme, kila mtu ataona. Sisi huku Afrika Mashariki tumelipa kwa kutoujua mstari huu. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia walikufa kwa moto ndani ya kanisa la kikundi kilichokua kimeshatangaza mwisho wa dunia ukapita bila kutokea. Shakahola, Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, waumini walioambiwa wafunge hadi kufa wakutane na Yesu, na watoto wengi walikuwemo. Watoto, wapendwa. Yuko jangwani, msitoke. Neno lilikuwepo kwenye Biblia walizobeba.

Ukifundisha kikundi

Gawa hivi: kipindi cha kwanza hatua ya 1 hadi 3, cha pili rangi na wale wanne, cha tatu historia na Agano la Kale (hiki kitazidi muda, acha kizidi), cha nne mistari mizito, cha tano sura ya 25 na kupima klipu. Wape watu wasome wao, usihubiri. Mtu akileta Ufunuo mwambie tutafika, tumalize injili kwanza, mana ukichanganya mnyama wa Ufunuo 13 na Mathayo 24 kabla hujaelewa hata kimoja hutoki. Alama za kuuliza zilizobaki kwenye daftari ziache zibaki.

Na kama kwenye kikundi kuna mtu ana hofu ya kweli, ameshaacha kazi au hali chakula vizuri, usianze na mwaka 70. Kaa nae peke yenu, mfungulie Luka 21:28, mambo hayo yaanzapo kutokea "changamkeni, mkaviinue vichwa vyenu", kisha mwende pamoja kwa mtu wa karibu anayemwamini, na kama hali wala halali mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.